Jicho la Kocha Mahfoudh

Mahfoudh bin Seif alikuwa na wivu wa kila shughuli, kama mtu mwingine alivyo na viatu. Upo wa kazini, aliouvaa kila asubuhi akimwona kijana wa idara ya jirani anaegesha gari lake kivulini. Upo wa harusini, uliotoka kabatini kila alipokalishwa mbali na bwana harusi. Upo hata wa msikitini, Mungu amsamehe, kwa ajili ya mzee mmoja wa mtaani kwake Sib, Maskati, ambaye adhana yake ilisifiwa mpaka na Wahindi. Lakini wivu wake wa daraja la kwanza, ule wa kupigwa pasi na kufukizwa udi, aliuweka kwa ajili ya mtu mmoja tu, Hisham, na kwa ajili ya mahali pamoja tu, napo ni kwenye benchi la timu ya kikapu ya wavulana wa Sekondari ya Mtakatifu Inyasi.

Asishangae mtu kuwaona Waislamu wa Maskati wanapeleka watoto kwa mapadri. Hawa ni watu waliotoka Unguja, na bibi zao walisomeshwa na masista huko huko, wakatoka na hati nzuri, ufundi wa kupamba keki, na imani isiyotikisika kwamba mtu asiyefundishwa na Wakatoliki hajui hata kukaa kitako. Kwa hiyo Padri Anselmo, Mgoa mwembamba mwenye tabasamu la mtu anayekunyima kitu kwa upole, alipofungua shule nyuma ya kanisa, bibi hao walipanga foleni mbele ya Wagoa wenyewe. Kabla ya kila mechi timu husimama duara. Padri anaomba, Wagoa na Wafilipino wanapiga alama ya msalaba, watoto wa Kiomani wanakunjua viganja, na mwisho wote wanasema amina, kwa kuwa amina haiulizwi kitambulisho.

Miaka mingi kocha wa timu hiyo alikuwa Mahfoudh. Hakuna aliyemchagua. Alikuja siku moja kumchukua mpwa wake, akasimama kutazama mazoezi, akatoa maoni, na maoni yake hayakukoma mpaka mwalimu aliyekuwepo akaona heri arudi kwenye jiografia yake. Asubuhi Mahfoudh aligonga mihuri katika ofisi moja ya serikali. Alasiri alifundisha kikapu kwa kanzu na raba, na alipotaka kuonyesha namna ya kuruka aliuma pindo la kanzu kwa meno. Mwenyewe alidai kwamba ujanani alikuwa hatari. Mashahidi wake wote ama wamekufa ama wamehamia Dubai.

Lakini jambo moja aliamini hakuna wa kumnyang'anya: Aws alikuwa kazi ya mikono yake. Aws ni mjukuu wa Bi Rahila, jirani yake pale Sib, na alipokuwa na miaka saba, mwembamba kama ufagio, Mahfoudh ndiye aliyepigilia ringi ya chuma kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba ya bibi huyo. Ndiye aliyemfundisha kupinda magoti, kukunja kifundo cha mkono na kuuachia mpira kwa ncha za vidole. Alimfundisha kwa njia pekee aliyoijua, yaani kwa kunung'unika. Mtoto akikosa, Mahfoudh ananung'unika. Akipata, Mahfoudh ananung'unika kwamba amepata kwa bahati. Mtoto akakua mrefu, mkono wa kulia ukawa kama umetiwa mafuta, na watu wakaanza kuja kumtazama. Mahfoudh akakaa kwenye benchi kama mtu aliyejenga jumba na sasa anangoja watu wamuulize fundi ni nani.

Kabla hawajamuuliza, ligi ya shule ikatoa kanuni kwamba kocha mkuu lazima awe mwalimu mwenye shahada ya michezo. Padri Anselmo alimwita Mahfoudh ofisini, akamkatia keki, akamkabidhi saa ya ukutani yenye picha ya Mtakatifu Inyasi, na akamwambia kwamba mlango wa shule utakuwa wazi kwake daima, hasa ule wa watazamaji. Mkewe Mahfoudh, Khawla, aliitundika saa hiyo jikoni. Alimbandikia mtakatifu kipande cha karatasi usoni, si kwa ubaya, bali kwa sababu hawezi kukaanga vitumbua huku mwanamume mgeni anamtazama.

Aliyekuja kushika nafasi yake ni Hisham. Na hapo ndipo Mungu alipoonyesha kwamba naye anapenda mzaha, maana Hisham ni mtoto wa mjomba wake Khawla. Ni kijana mrefu, ndevu zimechongwa kwa rula, amesoma michezo Malesia, na watu wake ni Waomani waliotokea Tabora, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha bara, kimenyooka kama reli na hakina chumvi. Akisema "shemeji" Mahfoudh alihisi kama anatozwa ushuru. Hisham alikuja na filimbi ya umeme, kishikwambi cha kupima miruko, na desturi ya kuwapigia wachezaji makofi hata wanapokosa. Mahfoudh alipoyaona makofi hayo mara ya kwanza alimwambia Khawla kwamba timu imekwisha. Timu ikashinda mechi ile, na iliyofuata.

Kilichomuua hasa ni video. Shule ilimhoji Aws kwa ajili ya ukurasa wake wa mtandaoni, na kijana, jasho linamtiririka, akasema anamshukuru Mungu, bibi yake na kocha Hisham. Mahfoudh aliitazama video hiyo mara nyingi sana, kama kwamba jina lake limechelewa njiani na huenda likafika katika marudio yanayofuata. Khawla alimuuliza kama simu imeharibika.

Basi ikaja nusu fainali. Mahfoudh alikuwa jukwaani, katikati ya akina mama, kwenye kiti cha plastiki. Aws, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa mkono wa kulia, alizungukwa na mabeki wawili, akauhamisha mpira kushoto, akaruka, akafunga kwa mkono ambao Mahfoudh hakuwahi kumfundisha. Ukumbi ukasimama. Huo ulikuwa mkono wa Hisham. Ulikuwa umewekwa pale kama chumba kipya ndani ya nyumba ya mtu mwingine, tena kizuri kuliko vyumba vyote vya zamani. Mahfoudh akasikia kooni kitu kinachoma kama pilipili ya mbuzi, akasema kwa sauti ya kusikika safu kadhaa mbele na nyuma:

"Mtoto huyu hana mfupa."

Kisha akanyamaza. Na huo unyamavu ndio uliokuwa kosa. Kwa watu wetu, kumsifu mtoto wa mtu bila kusema mashallah ni kama kumpigia chafya usoni bila kuziba mdomo. Jina la Mungu ndilo kitambaa. Neno lilikuwa tayari, lipo ulimini, limevaa na viatu. Lakini Mahfoudh aliona kwamba akilisema atakuwa amemsifu Hisham, akalimeza. Mama aliyekaa mbele yake aligeuka, akamtazama, akasogeza kiti.

Katika mazoezi yaliyofuata Aws aliruka kudaka mpira, akateremka juu ya mguu wa mwenzake Loai, na kifundo cha mguu kikavimba kama andazi lililozidi hamira. Daktari alisema mfupa ni mzima, mshipa umevutika. Barafu, kupumzika, na wakijaliwa huenda akaiwahi fainali, angalau sehemu yake. Bi Rahila aliipokea barafu kwa adabu, kama mgeni asiyelala, kisha akaanza kuuliza nani alikuwa wapi na alisema nini.

Nyumbani kwa Mahfoudh habari zilifika pamoja na chai ya alasiri. Khawla aliweka birika chini.

"Mahfoudh. Siku ile ulisema mashallah?"

"Nilisema."

"Nani aliyekusikia?"

"Nilisema kimoyomoyo."

"Kimoyomoyo husali mabubu," alisema Khawla, akaondoka na sahani ya visheti kana kwamba mtu wa namna ile hastahili tamu.

Mahfoudh alibaki na chai yake na hofu yake. Aliogopa kweli, kijana alimpenda, pengine kuliko alivyojua mwenyewe. Lakini alipokuwa anaogopa, chini kabisa ya hofu, aligundua kitu kingine kimejilaza, kimenona, kinapepesa macho kama paka kwenye zulia. Kilikuwa fahari. Miaka miwili tangu apewe ile saa hakuna neno lake lililofika kwenye uwanja ule. Sasa limefika moja, na limemwangusha mchezaji bora wa ligi. Hisham na kishikwambi chake hajawahi kugusa mtu kwa nguvu namna hiyo. Mahfoudh akastaghfiru haraka, lakini paka hakuondoka.

Siku mbili baadaye Bi Rahila alimwita kunywa kahawa.

Mtu anayejua mambo akiitwa kahawa na bibi ambaye mjukuu wake ni mgonjwa, anajua haitwi kwa ajili ya kahawa. Mabaki ya kinywaji cha mwenye jicho la husuda ni dawa. Huchanganywa na maji, akaogeshwa aliyedhurika, na jicho likatoka kama vumbi. Kumuuliza mtu waziwazi, "Je, wewe ndiye uliyemhusudu mwanangu?" ni aibu. Kumkaribisha kahawa ni ustaarabu. Kwa hiyo anaalikwa kila anayeshukiwa pamoja na wachache wasioshukiwa, ili hao wanaoshukiwa wasijisikie vibaya, na wote wanajua, na wote wanazungumzia joto.

Mahfoudh alifika amevaa kanzu mpya. Alimkuta Padri Anselmo amekwisha kukaa, magoti yake marefu yamekunjika zuliani kama ngazi, pamoja na Bakhit, babake Loai ambaye mguu wake ndio ulioteremkiwa. Hisham alikuwa pembeni, anatabasamu. Aws mwenyewe alilala kwenye godoro, mguu juu ya mito, anacheza na simu. Na Bi Rahila alipoleta sinia, Mahfoudh aliona kwamba finjani hazikuwa za seti moja. Moja ilikuwa na mstari wa dhahabu, moja kijani, moja maua, moja nyeupe tupu. Bibi yule ambaye hata mgeni wa kupita humtolea finjani zake sita za kufanana, leo amemtenga kila mtu na yake, ili asikosee jikoni.

Ya dhahabu aliletewa Mahfoudh.

Hapo akaingia kwenye mahesabu. Akiimaliza yote, atasemwa anaficha. Akibakisha nyingi, atasemwa anakiri. Akabakisha kiasi cha mtu mwenye mambo mazito lakini mwenye staha. Kisha akasahau kuitikisa finjani kuonyesha kwamba ametosheka, bibi akamjazia tena, hesabu ikaanza upya. Kokwa za tende, ambazo nazo ni dawa, alizipanga ukingoni mwa kisahani, moja moja, zinaonekana vizuri. Hisham alitupa zake ovyo tu huku akimweleza Padri kwamba Aws kabla ya kuumia alikuwa ameongeza sentimita nne za mruko. Bakhit hakula kitu. Alikuwa anaomba radhi kwa niaba ya mguu wa mwanawe.

Sinia lilipoondoka, Mahfoudh aliinuka akasema anakwenda kunawa. Sinki la kunawia lilikuwa ukumbini, mkabala na jikoni, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Bi Rahila alikuwa amesimama juu ya bakuli la maji. Alichukua finjani ya kijani, ya Hisham, akamimina mabaki yake yote bakulini, akaisuuza na suuzo nalo akalitia. Akatia na kokwa za Hisham. Ya Bakhit akaimwaga. Ya Padri akaiweka kando, kwa kuwa hakuwa na hakika kuhusu hukumu yake. Kisha akachukua ya dhahabu, hakuitazama hata ndani, akaimwaga kwenye sinki kama maji ya kuoshea samaki.

Mahfoudh alisimama, maji yanamtiririka kwenye viwiko. Alikuwa amejitayarisha kwa kila kitu, kwa kushukiwa, kwa kutazamwa kando, hata kwa kuhama mtaa. Kwa hili hakujitayarisha. Aliingia jikoni.

"Bi Rahila, yangu umeimwaga."

"Nimeimwaga, eh. Nkae nayo ya nini?"

"Ya Hisham umeiweka."

"Ya Hisham nimeiweka. Yule yupo na mtoto kila siku, ampima, atangaza mpaka urefu wa miruko mbele za watu, na jina la Mungu hulisikii. Jicho lile lina nguvu." Akamtazama kwa huruma, huruma ya mtu anayemwambia mwingine kwamba hakupasi mtihani. "Weye, mwanangu, weye wanung'unika tu. Tangu Aws mdogo wamnung'unikia. Kunung'unika kungekuwa kunavunja mguu, mjukuu wangu hangekuwa na hata kidole."

Kwa hiyo na hili pia amechukua Hisham. Benchi amechukua, mkono wa kushoto amechukua, jina kwenye video amechukua, na sasa hata hasadi, kitu ambacho Mahfoudh alikuwa amekifanyia kazi kwa miaka miwili mfululizo bila likizo, ameenda kupewa mtu ambaye hata hajui kama anayo. Damu ilimpanda. Akasema maneno ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu amewahi kuyasema katika nyumba ya mgonjwa.

"Ni mimi niliyempiga jicho. Nusu fainali, mbele ya watu. Nilimsifu na sikusema mashallah."

"Ulisahau."

"Sikusahau. Nilikuwa nalo hapa," akajigusa koo, "nikalimeza kwa makusudi. Waulize akina mama waliokuwepo. Mmoja alihamisha kiti."

Bi Rahila aliweka kitambaa chini. "Ulisema nini hasa?"

"Nilisema mtoto huyu hana mfupa."

Bibi alilirudia polepole, hana mfupa, kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akakubali kwa kichwa. Hilo lilikuwa jicho, alisema, tena zuri. Mahfoudh alijisikia kama aliyepandishwa cheo.

Lakini cheo kina kazi zake. Kwa kuwa kahawa imekwisha kumwagwa, bibi alitoa karai, akalipeleka sebuleni mbele ya wote, akamwamuru Mahfoudh anawe humo uso, viwiko, magoti na nyayo. Mahfoudh alipandisha kanzu yake mpya na kuosha magoti mbele ya Padri wa Kikatoliki, ambaye aliinamisha macho kwa heshima, akisema kwamba na wao wana siku moja kwa mwaka ya kuoshana miguu. Hisham alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja na mabega yanamtikisika.

"Kumbe shemeji," alisema, "unanihusudu."

"Sikuhusudu wewe. Namhusudu mtoto."

"Bibi," Aws alisema kutoka kwenye mito, hakuinua macho kwenye simu, "daktari kasema barafu tu."

"Barafu utapata. Nyamaza." Bi Rahila alimgeukia Mahfoudh. "Maji hayatoshi. Neno ulolimeza ulitoe. Siku ile uliona nini?"

"Niliona anacheza vizuri. Mashallah."

"Wote wacheza vizuri. Uliona nini?"

Masista waliomsomesha bibi huyu walijua kufundisha. Mahfoudh alitazama magoti yake. "Mkono wa kushoto. Mashallah, ana mkono wa kushoto."

"Kaupata wapi?"

Padri Anselmo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chai, hata yeye alielewa kwamba kuna kitu kikubwa kinatoka kwa shida.

"Kwa Hisham," Mahfoudh alisema.

"Sijasikia, nna masikio ya kizee."

"Kwa Hisham. Mashallah. Kamfundisha Hisham, mimi singeweza."

Hisham aliacha kucheka. Alijikuna ndevu zake za rula, akasema mashallah na yeye, na kwamba kusema kweli wa kulia alimkuta nao mtoto. Mahfoudh alingoja sentensi ile imalizike. Aliingoja kwa shingo ndefu, karai miguuni. Haikumalizika. Alimkuta nao, basi, kama mtu anavyokuta pazia katika nyumba ya kupanga.

Aws akaogeshwa, maji ya Hisham kwanza, ya Mahfoudh baadaye, akalalamika kwamba ananuka hiliki. Uvimbe ukashuka. Hisham alisema ni barafu, Mahfoudh alisema ni magoti yake, na Bi Rahila alikuwa na amri ya kutoa. Fainali ikichezwa, alisema, nyie wawili mtakaa pamoja na mtoto, mmoja kulia na mmoja kushoto, mahali ninapokuoneni, na kila atakachofanya mtasema mashallah, kwa sauti, si kimoyomoyo. Akampigia Padri simu kwa Kiingereza cha masista, ambacho hakina mlango wa kukataa. Kanuni za ligi zilikuwa zinamtaka kocha mkuu awe na shahada; kuhusu msaidizi hazikusema lolote. Miaka miwili hakuna aliyelifikiria hilo, ama walilifikiria wakaona keki inatosha.

Ndivyo Mahfoudh alivyorudi benchini, kwa mashtaka. Hakujali. Jumamosi ya fainali alifika ukumbini kabla ya mwenye funguo.

Aws hakuanza. Alikaa katikati yao amefungwa mguu bandeji, na wapinzani, shule moja ya Kihindi yenye vijana warefu kama nguzo za taa, walienda mbele. Hisham alibishana na mwamuzi, Mfilipino mfupi asiyetabasamu, akapewa kosa la kiufundi. Jingine la namna hiyo na kocha anatolewa nje ya ukumbi. Robo ya mwisho Aws akaingia akichechemea. Aligusa mpira, Mahfoudh akasema mashallah. Alitoa pasi, Hisham akasema mashallah, kwa sauti kidogo zaidi. Bi Rahila alikuwa jukwaani anatazama midomo yao. Aws akafunga kwa kulia, na Mahfoudh akasema mashallah ambayo ilisikika mpaka kwenye maegesho. Hisham hakukubali kushindwa katika benchi lake mwenyewe, akasimama. Mahfoudh naye akasimama. Walikuwa hawashangilii tena, walikuwa wananadi. Mwamuzi aliwaonya kwa kidole. Loai, aliyekuwa anarusha mitupo huru, alikosa wa pili kwa sababu ya makelele ya kocha wake.

Dakika ya mwisho Inyasi walikuwa mbele kwa pointi moja. Wapinzani wakaupoteza mpira, Aws akaudaka chini ya ringi ya Inyasi, akauhamisha mkono wa kushoto, akamzunguka nguzo ya taa mmoja, na Mahfoudh akahisi pilipili ile ile inapanda kooni. Safari hii aliitapika. Alipiga kelele, "Mashallah," mikono juu, na ili iwe ya kwake bila shaka aliipeleka yeye mwenyewe, kanzu inapepea, raba mbili ndani ya mstari wa uwanja.

Filimbi ikalia.

Mwamuzi alionyesha ishara ya kosa la kiufundi, akaja mezani, akauliza kwa Kiingereza ni nani kati yao aliyepiga kelele. Alikuwa anamtazama Hisham, maana Hisham naye alikuwa amesimama, mdomo bado wazi, na kosa hili lingekuwa lake la pili.

"Mimi," alisema Mahfoudh. "Yote ni mimi. Na zile za mwanzo pia."

Mwalimu Khulood, aliyekuwa mezani anaandika pointi, alimtazama kwa mashaka. Hakuwa na jina lake popote. Akamuuliza Hisham huyu ni nani katika timu, mzazi, mtazamaji au nani. Hisham alimtazama mwamuzi, akautazama mlango ambao yeye mwenyewe angetolewa, kisha akamtazama mume wa binti wa shangazi yake aliyesimama uwanjani na pindo la kanzu mkononi.

"Ni kocha," alisema. "Mwandikie. Ni kocha wa Aws, toka mtoto."

Mwamuzi akamwandikia Mahfoudh kosa na, kwa kuwa ameingia uwanjani, akamnyooshea mlango.

Alitoka taratibu, kama bwana harusi. Nje alibaki na kioo kidogo cha mlangoni kilichojaa migongo ya watu, hakuona kitu. Alisikia kimya cha mtupo huru waliopewa wapinzani kwa kosa lake, kisha kelele, kisha mpira unadunda, kisha kelele kubwa zaidi, na kwa namna kelele ile ilivyokuwa na ngoma za Wahindi ndani yake alijua haikuwa ya upande wao.

Mlango ukafunguka. Aws alitoka anarukaruka kwa mguu mmoja, jezi imemganda.

"Tumefungwa, ami."

"Nimesikia."

"Bibi anasema ni kwa sababu yako."

Mahfoudh alimshika mkono, akauweka begani mwake ili asiukanyagie mguu ule. "Anasema hivyo?"

"Mbele za watu wote. Anasema ni kelele yako weye peke yako."

Hisham alikuwa amekuja nyuma yao, filimbi imening'inia shingoni, ndevu zimelowa. Alikuwa na uso ambao Mahfoudh alikuwa hajauona kwake, uso wa mtu aliyefika harusini akakuta kiti chake kimekaliwa.

"Na mimi nilipiga kelele," alisema Hisham.

"Ya kwako haikusikika, shemeji," alisema Mahfoudh, akamkokota mchezaji wake kuelekea kwenye gari.